Nguruwe Amepitisha Siku, au Daftari Ndilo Lililokosea?

Maneno haya niliyasema Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, kwa wafugaji wenzangu wa nguruwe tuliokutana Kibamba, Dar es Salaam. Wengi walikwama kwa mvua wakaomba wawekewe yote. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, hata pale nilipokatizwa mwishoni.

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo? Wale mliokaa nje kwenye kivuli cha mwembe, mnanisikia? Haya.

Naanza kwa kusema mimi si daktari wa mifugo. Nalisema mapema ili kesho mtu asije akasema mama alitupa dozi. Dozi sitaji leo, hata mkinibembeleza kwa kilo nzima ya kitimoto na ndizi zake. Mimi ni mkunga mstaafu. Nimekaa leba miaka 31. Watoto niliowapokea kwa mikono hii, wengine leo ni makondakta, nikipanda daladala wananisamehe nauli. Nilipostaafu nikajenga banda hapa Kibamba, nikaanza na majike wawili. Leo wako 14. Kwa hiyo nimeshika uzazi wa aina mbili maishani mwangu, na niliyojifunza kwenye ule wa kwanza karibu yaniue biashara kwenye huu wa pili. Nitafika huko.

Mada mliyonipa ni nguruwe aliyepitisha siku za kuzaa, na namna ya kumpata daktari wa kumwanzishia uchungu. Simu za mada hii nazipokea kila mara. Saa tano usiku, saa nane usiku, salamu hakuna. "Mama, nguruwe wangu amepitisha siku, nimchome sindano gani?"

Ngoja kwanza. Sindano gani tena? Niulizeni mimi: mama akija leba akasema amepitisha siku, tunamkimbilia na dripu? Hatumkimbilii. Tunamuuliza, mara ya mwisho uliona siku zako lini? Halafu tunafungua kadi ya kliniki. Sasa nguruwe wako kadi yake iko wapi? Nani anayo hapa? Nyoosheni mikono, msione haya. Mmoja, wawili... sita. Tumo humu zaidi ya themanini, na kadi ziko sita.

Basi nianze na kijana mmoja wa Goba. Jina lake nalihifadhi, maana yumo humu na ameshaanza kuinama.

Alinipigia usiku wa tarehe 8 Juni mwaka 2023. Nguruwe wake alipandwa tarehe 3 Februari, yeye mwenyewe alishuhudia, akaandika kwa mkaa ukutani mwa banda. Akatumia hesabu ya wazee: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Hesabu nzuri ile, ila ukianzia Februari inakuibia siku, maana mwezi wenyewe mfupi. Ukihesabu siku moja moja, siku ya 114 ilikuwa tarehe 28 Mei. Na usiku ule alionipigia ilikuwa siku ya 125. Siku 125! Mimba ya nguruwe ni siku 114 au 115. Wapo wanaozaa siku ya 112, wapo wa siku ya 117, na wote wazima. Lakini 125? Kijana alikuwa ameshanunua sindano. Iko mezani, imetolewa kwenye boksi.

Nikamwambia, mwanangu, iweke chini hiyo. Dume ulimtoa wapi? Akasema wa kukodi, aliletwa kwa kirikuu. Alikaa siku ngapi? Kimya. Nikarudia, alikaa siku ngapi? Akasema mwenye dume alisafiri, kwa hiyo dume alikaa pale kama mwezi hivi, banda la jirani, wametengwa kwa bati tu. Hapo nikasikia sauti ya mtoto nyuma ya simu, binti yake wa darasa la nne: "Baba, si ndiyo lile dume liliruka siku ile umeenda Kariakoo?"

Jamani! Mtoto anajua, baba hajui. Alienda Kariakoo lini? Akatafuta ujumbe wa malipo kwenye simu yake, akaupata: tarehe 24 Februari. Hesabuni wenyewe kutoka tarehe 3 mpaka 24 ni siku ngapi. Ni 21. Na nguruwe asiyeshika mimba anarudi kwenye joto baada ya siku ngapi? Ishirini na moja, kati ya 18 na 24. Maana yake lile pando la kwanza halikushika kitu. Mimba ilianzia kwenye bati lililolegea. Usiku ule nguruwe hakuwa na siku 125, alikuwa na siku 104.

Mnaelewa alichotaka kufanya? Kuwatoa tumboni watoto waliobakiza siku kumi. Wangetoka hawana manyoya ya kutosha, mapafu hayajakomaa, wasiojua hata kushika chuchu. Alisubiri. Tarehe 19 Juni, siku ya 115, akazaa 11. Inuka kaka tukuone! Haya, kaa.

Ndiyo maana nawaambia, nguruwe wengi wanaosemwa wamechelewa hawajachelewa. Iliyochelewa ni tarehe. Aliwekwa na dume siku nyingi, ikaandikwa siku ya kwanza tu. Au alipandwa, akarudi kwenye joto usiku, nanyi mmelala. Ukishampandisha, siku ya 18 mpaka ya 24 nenda bandani asubuhi na jioni, umbinye mgongo. Akisimama tuli, masikio juu, huyo amerudi, andika upya. Siku ya 42 hivi rudia. Na daktari mwenye altrasaundi anaweza kukuonyesha mimba kuanzia kwenye wiki ya nne. Ni pesa, najua. Lakini pumba ya kumlisha nguruwe asiye na mimba miezi minne nayo ni pesa, tena unailipa kidogokidogo ndiyo maana huioni.

Sasa ngojeni niwaambie yangu.

Mwaka 2016 nilikuwa na jike tuliyemwita Tausi. Uzao wake wa kwanza. Daftari langu lilikuwa safi, dume alikuja asubuhi akaondoka jioni, hakuna bati wala nini. Siku ya 117 ikafika, Tausi anatafuna tu. Tumbo si kubwa. Chuchu zimejaa kiasi, ukikamua hakitoki kitu. Nikaanza kuhesabu hasara kichwani. Na mimi si mkunga? Mimi si najua dawa ya uchungu? Leba tulikuwa tukitumia oksitosini kila siku ya Mungu. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo, muuzaji akanipa bila kuniuliza swali hata moja, akanirudishia na chenji.

Saa kumi na mbili jioni nikachoma. Tausi akaanza kusukuma, anagandamiza miguu ukutani. Nikafurahi. Saa mbili usiku hajatoka mtoto. Nikachoma ya pili. Akasukuma zaidi, analia. Saa nne usiku akanyamaza ghafla. Akalala kimya, hasukumi tena. Mume wangu akasema afadhali amepumzika.

Wakunga mliomo humu, naona mnatikisa vichwa. Uchungu mkali ukikatika ghafla namna ile unamaanisha nini? Mfuko wa uzazi umechanika. Nilikuwa nalijua hilo kwa binadamu kama ninavyolijua jina langu, na usiku ule nilisimama na tochi mkononi nikajidanganya. Kabla ya adhana ya alfajiri Tausi alikuwa amekufa.

Asubuhi nikampata daktari wa mifugo, akaja kumfungua. Mlango wa kizazi ulikuwa haujafunguka hata kidogo. Mfuko umepasuka. Na ndani mlikuwa na watoto wangapi? Wawili. Wawili tu, wakubwa kama paka wa sokoni.

Daktari akanawa mikono, akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Mama, ulipiga honi wakati geti limefungwa na mlinzi amelala."

Nilimwomba anifundishe, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akanifundisha. Nami nawapa kama nilivyopewa, maana hapa ndipo penye kiini cha mada yenu, na hapa ndipo elimu yangu ya leba iliponidanganya.

Kwa mwanamke, mimba ikikaribia miezi mitatu, kondo la nyuma lenyewe linachukua kazi ya kutengeneza projesteroni, ile homoni inayoituliza mimba isitoke. Kwa nguruwe sivyo. Kwake yeye kazi hiyo wanaifanya walinzi, yaani vijitezi vilivyoko kwenye ovari, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Walinzi hao wakiwa macho, geti halifunguki. Nani anawaambia zamu imekwisha? Ni watoto wenyewe! Wakishakomaa, tezi zao ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga homoni ya kotisoli. Hiyo ndiyo hodi yao. Mfuko wa uzazi ukiisikia unatoa prostaglandini, prostaglandini inawaondoa walinzi, projesteroni inashuka, mlango wa kizazi unaanza kulegea. Baada ya hapo ndipo oksitosini ya mama mwenyewe inaingia na kusukuma.

Watoto 12 wakipiga hodi inasikika mbali. Watoto wawili je? Hodi yao ni ndogo, inachukua muda kusikika. Ndiyo maana jike mwenye watoto wachache hukawia kuzaa kuliko mwenye wengi. Tausi hakuwa mgonjwa. Pengine angezaa kesho yake au keshokutwa.

Kwa hiyo mkisikia "sindano ya uchungu", mjue zipo mbili na hazifanani. Oksitosini ni honi. Inasukuma, haifungui. Haichomwi kuanzisha uzazi. Inachomwa pale uzazi umeshaanza, mlango uko wazi, na mtu aliyefunzwa ameingiza mkono uliooshwa akahakikisha hakuna mtoto aliyekaa kingamo. Hata hapo ni kidogo, maana ukizidisha, mfuko unakakamaa, kitovu kinabanwa, watoto wanakufa ndani kabla ya zamu yao. Prostaglandini ndiyo inayokwenda kwa mlinzi. Hiyo ndiyo daktari anaitumia kuanzisha uzazi, na wengi wanazaa kati ya saa 24 na 36 baadaye. Ndiyo maana daktari mwenye akili anaichoma asubuhi, ili kesho yake jike azae mchana watu wapo.

Lakini haichomwi kabla ya siku ya 113, na siku hiyo iwe ya kweli, siyo ya mkaa ukutani. Mnaona tunavyorudi palepale? Dawa nzuri juu ya tarehe mbovu inakupa watoto wabovu.

Na jambo hili wanaume mlisikie mara mbili. Prostaglandini inapenya kwenye ngozi. Mwanamke mjamzito asiishike, asiivute kwenye bomba la sindano, asikae hata jirani na chupa. Inaweza kumharibia mimba. Mwenye pumu naye asiiguse, inambana kifua. Mwaka juzi nilienda banda moja huku Mbezi nikamkuta mwenye banda amemkabidhi mkewe chupa amshikie, na mke ana tumbo la miezi saba! Nilimtoa yule binti kwa ukali mpaka mama mkwe wake akaninunia. Na aninunie. Sisi huku nyumbani nani anayetumwa kushika vitu bandani? Ni wanawake. Basi waambieni.

Mtaniuliza, mama, kwani hakuna nguruwe aliyechelewa kweli? Yupo. Na yupo ambaye hana kitu tumboni kabisa.

Mama mmoja wa Chanika alinionyesha jike mnene, tumbo limeshuka, siku ya 130. Daftari lake sahihi, dume aliondoka siku ileile, kurudi kwenye joto hakurudi. Mimi nilishindwa. Tulichanga hela ya daktari mwenye altrasaundi. Akapitisha kile kifaa upande huu, akapitisha upande ule, akasema, "Hapa kuna mafuta na pumba." Watu walicheka, mama wa Chanika hakucheka. Daktari akaomba kuona stoo. Mahindi na pumba vilinyeshewa na masika, vimekaa kwenye viroba vilivyoegemezwa ukutani, ukifungua harufu ya ukungu inakupiga usoni. Mnaijua sumukuvu ya afla, inatajwa kila siku redioni. Ipo ndugu yake iitwayo zearalenoni. Hii mwilini mwa nguruwe inajifanya homoni ya kike. Jike anaweza kuishi nayo asirudi kwenye joto, ukamhesabia mimba miezi minne, kumbe anahesabu nawe tu. Kwa vitoto vya kike utaona uke umevimba na kuwa mwekundu kabla ya umri. Ukiona hivyo usitafute dume, tafuta chakula kingine. Na viroba viweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Hewa ya Dar mnaijua, hata chumvi inalia.

Wengine walishika mimba kweli, watoto wakafia ndani wakakauka. Virusi vya parvo vinafanya hivyo, hasa kwa majike wa uzao wa kwanza. Mlango ukiwa umefungwa hutasikia harufu wala kuona usaha, jike anakula kama kawaida, siku zinapita. Huyo kwa mkaa na makisio hamtamjua. Huyo anamhitaji daktari.

Basi daktari tunampata wapi?

Niseme ukweli, Dar es Salaam ina madaktari wa mifugo wengi kuliko tunavyodhani, ila wengi wanaishi na mbwa wa Masaki na kuku wa mayai. Wa nguruwe ni wachache, na usiku ni wachache zaidi. Kuna daktari mmoja Mwislamu nilimpigia zamani, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba nguruwe hashiki, lakini subiri mama. Dakika tano nyingi, akanitumia namba ya mwenzake. Namheshimu mpaka leo. Yule mwenzake ndiye daktari wangu hadi sasa.

Anzia kwa afisa mifugo wa kata. Msimdharau kwa sababu hana sindano mfukoni, yeye anajua nani yuko wapi. Ukipewa jina, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Hilo lipo kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na daktari wa kweli haoni vibaya kuulizwa. Anayekasirika, mwache aende zake. Muuzaji wa duka si daktari. Mganga wa simu si daktari. Mimi si daktari!

Na mtafute wakati gani? Siku ya 117 saa nane ya usiku? Wewe, harusi ya mwanao unamtafuta mpishi siku ya ndoa? Mtafute jike akiwa na miezi miwili. Mwite aje mchana, ajue njia, aone banda, mkubaliane nauli na malipo ya usiku. Hapa kwetu mvua ikinyesha njia zinakatika, bodaboda wenyewe wanagoma. Daktari asiyejua njia ya kwako usiku wa mvua za vuli hafiki, na si kosa lake.

Ukimpigia, usimwambie "njoo haraka anakufa". Mwambie tarehe zote alizopandwa. Mwambie ni uzao wa ngapi. Anakula? Joto lake ngapi? Kipimajoto cha watoto cha duka la dawa kinatosha, unakifunga uzi kisije kikazama. Kawaida ni 38 na nusu mpaka 39, karibu na kuzaa kinapanda kidogo, kikipita 40 sema. Umekamua chuchu, kimetoka nini? Mrekodie video ya nusu dakika jike akiwa amesimama. Na mwambie kama kuna uchafu unaonuka ukeni, au kama kuna vipande vya kijani kibichi vimetoka na mtoto hajatoka, hicho ni kinyesi cha mtoto aliyeko taabuni. Au kama amesukuma nusu saa nzima bila kitu. Hayo matatu hayasubiri asubuhi. Lakini anayetafuna, anayekunywa maji, hana joto wala uchafu, na tarehe ni ya uhakika siku ya 116? Daktari mzuri atakwambia tusubiri, na utamlipa kwa kusubiri huko. Msimwone ametapeli.

Jambo moja dogo, ila limewafilisi watu hapa mjini. Daktari anatoka banda gani kabla ya lako? Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na sisi hatuna chanjo yake. Iliandikwa kwa mara ya kwanza hapo Kenya mwaka 1921, na mpaka leo ikiingia bandani inazoa. Inasafiri na buti, na nguo, na dume wa kukodi, na mabaki ya kitimoto kwenye ndoo ya makombo. Nunueni jozi moja ya gambuti kubwa, ibaki kwenu, daktari aivae hiyo. Weka beseni la dawa mlangoni. Na jike mwenye siku 110 akipata homa, ngozi imekuwa nyekundu masikioni, hataki kula, huyo usimwite aliyechelewa. Funga geti, asitoke nguruwe wala nyama, piga simu kwa afisa mifugo.

Maji pia. Jike mwenye mimba na joto hili la Novemba anataka lita 15, 20 kwa siku, na akinyonyesha ni zaidi sana. Ukimnyima anafunga choo, na jike aliyefunga choo anazaa kwa... Ndiyo kaka? Wewe wa shati la bluu, umenyoosha mkono muda mrefu. Sema. Mpeni maiki.

Anasema jike wake yuko Kiluvya, alipandwa tarehe 15 Julai, amesoma tangazo ndiyo maana amekuja, anataka namba ya daktari wa kuchoma ile ya mlinzi. Vizuri. Tuhesabu wote. Tarehe 15 Julai, siku ya 114 inaangukia tarehe ngapi? Semeni. Tarehe 6 Novemba. Leo tarehe 9. Siku ya 117. Dume alikaa siku ngapi? Siku moja, akaondoka. Ulimwangalia siku ya 21? Ulimwangalia. Una daftari? Unalo hapo! Haya, huyu ni mtu wa saba. Anakula? Jana alikula, leo asubuhi ameacha nusu. Joto? Hukupima. Uzao wa ngapi? Wa tatu. Ametulia?

Anasema tangu alfajiri anahangaika, amebeba majani yote aliyowekewa ameyarundika kwenye kona, analala anainuka, analala anainuka.

Kaka, na chuchu umekamua? Kimetoka nini? Rudia, hawakusikia nyuma.

Maziwa meupe. Yanaruka.

Yanaruka! Sasa wewe umefuata nini hapa? Jike anayejenga kiota na maziwa yanaruka ana saa chache tu, pengine ameshaanza. Huyo hataki sindano, anakutaka wewe. Nyumbani yupo nani? Mtoto? Mpigie aandae matambara makavu na taa ya kupasha joto, vitoto vikitoka vifutwe pua na kuwekwa kwenye chuchu kwanza kabla ya yote, vinyonye maziwa ya mwanzo. Tazama saa kila kitoto kinapotoka. Ikipita nusu saa anasukuma na hakuna kilichofuata, nipigie, namba ya daktari nakupa sasa hivi, andika kiganjani. Hapana, kofia utaifuata kesho. Nyie wa mlangoni, msogeeni apite, na mmoja amwitie bodaboda.